Kofia haikuwa sehemu ya sare

Mdogo wangu ana ualbino. Alizaliwa Sengerema mwaka 1999, na neno la kwanza mama kuambiwa na mawifi zake lilikuwa: huyu umemtoa wapi? Baba hakuulizwa chochote. Ukweli ni kwamba mtoto hupata ualbino akirithi vinasaba vyake kwa wazazi wote wawili, nao wanaweza kuwa weusi tii wasijue wamevibeba. Mama alikuja kuelezwa hivyo na muuguzi mtoto akiwa na miaka sita. Miaka yote hiyo alibeba lawama peke yake.

Ukitaja ualbino Tanzania, mazungumzo hukimbilia mauaji ya kishirikina ya kutafuta viungo. Sishangai. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuliyaishi. Mwaka 2008 mlango wetu ulikuwa unaegemezwa gogo kila jioni, na mama alilala akimkumbatia. Juni 2024, mwili wa mtoto ambaye hata miaka mitatu hajafikisha ulipookotwa wilayani Muleba, nilimpigia mdogo wangu simu, nikakosa la kusema. Naye alikaa kimya.

Lakini saratani ya ngozi inawaua watu wenye ualbino wengi zaidi ya wale waliouawa kwa mapanga, tena wengi wao wangali vijana. Na hapo ndipo ninapotuhusisha sisi, watu ambao hatujawahi kumwinulia mtu mkono.

Shuleni kwao alikatazwa kofia kwenye paredi kwa sababu si sare. Alilima shamba la shule saa saba mchana na wenzake. Akiomba kivuli, anaambiwa anadeka. Alirudi nyumbani shingo imebabuka, mama akimpaka mafuta ya nazi kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba hayazuii jua. Ubaoni alikuwa haoni. Macho yake huchezacheza, na hata dawati la mbele lilikuwa mbali. Darasa la saba alifanya mtihani wa karatasi yenye maandishi makubwa kwa sababu mwalimu mmoja tu alikumbuka kumwombea mapema. Mpaka leo namwombea dua mwalimu yule.

Halafu yapo maneno. Konda alimwona kituoni akapaza sauti, "Dili hilo linapanda!" Abiria wakacheka. Dili ni lugha ya wanunuzi wa viungo, nasi tumeiingiza kwenye daladala. Bibi zetu walisema zeruzeru hafi, hupotea. Mtu ukishamwambia mtoto kwamba kiumbe fulani hafi, utamwelezaje kwamba anaumia?

Najua watanikumbusha kwamba Lindi Mjini walimchagua Salum Barwani, mwenye ualbino, kuwa mbunge mwaka 2010. Nilifurahi sana siku ile. Ila mdogo wangu bado alikuwa analima bila kofia.

Moshi, pale hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa ngozi hizi. Kwenye maduka ya mjini losheni za jua nimezikuta rafu moja na vipodozi, zikiuzwa bei ya urembo, wakati kwa mwenye ualbino ni dawa kama ilivyo insulini kwa mwenye kisukari. Serikali iziweke katika kila zahanati. Na mwalimu mkuu asisubiri waraka: kofia pana, mikono mirefu, mtoto akae kivulini wengine wanapolima. Hilo linaamuliwa leo, bila shilingi hata moja.

Siku hizi mdogo wangu ni fundi simu. Kibanda chake kinatazama magharibi, na kuanzia saa tisa jua humfuata mpaka mezani. Juzi aliniomba nimwangalie nyuma ya sikio la kushoto. Kuna kidonda kidogo, kina miezi miwili hakijakauka. Alichelewa kusema kwa sababu kufunga kibanda ni kukosa pesa ya siku. Alhamisi tunakwenda wote hospitali.