Stendi ya Mtu Mmoja

Kwenye video ya hii stendi ya msumeno, Mzungu anaivuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana kikombe cha kahawa. Anakanyaga wenzo, stendi inafunguka miguu, inainuka na msumeno wa meza juu yake, anaanza kupasua mbao. Hajatoka hata jasho. Sakafu yake zege tupu, limelainishwa mpaka unaweza kulia wali palepale chini. Hakuna mchanga. Hakuna mbuzi. Hakuna mtoto anayeuliza, "Fundi, hiyo inakata na vidole?"

Jamani, mimi nafanya kazi Goba, Dar es Salaam.

Saiti za Goba ziko kule ambako bodaboda anakwambia, "Mzee, shukia hapa." Msumeno na stendi yake ni zaidi ya kilo 40. Vigurudumu viwili. Kwenye vigae vinateleza raha mustarehe, kwenye mchanga vinalima. Navuta, vinalima. Nikifika kwa bosi nimeacha matuta njia nzima, ungechomeka mihogo ingeshika.

Halafu wanasema inakunjwa. Kweli inakunjwa, ila uzito haukunjwi. Konda wa daladala ameitazama akataka nauli ya watu wawili, na hapo bado hatujakubaliana nani kati yetu atakaa. Basi nakodi kirikuu. Nafika, nyumba ya ghorofa, ngazi hazijaona hata plasta. Nawalipa vijana wabebe. Yaani nimenunua magurudumu, sasa nalipa watu wayabebe magurudumu!

Sisemi haina faida, nisije nikaonekana sina shukrani. Zamani tulikuwa tunagongagonga meza kwa mabaki ya mbao za kumwagia zege, inacheza kuliko bwana harusi. Sasa chukua bodi ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ya futi 4 kwa 8, milimita 18, karibu kilo 40 hiyo, uisukume juu ya meza ya namna ile. Bodi ikipinda kidogo inabana diski ya msumeno, na diski ya inchi 10 haina mzaha, inakurushia mzigo wako tumboni. Hii stendi ina mguu mmoja wa kuzungusha, unaurefusha mpaka inatulia hata sakafu ikiwa na kibyongo. Na sakafu ninazoitiwa mimi, karibu zote zina kibyongo.

Shida ni kwamba saiti nzima hakuna meza nyingine. Fundi umeme anachajia simu pale. Mama ntilie akileta maharage, sufuria inatua pale, juu ya diski! Fundi rangi anapanda kufikia dari. Juzi nimetoka kuswali, nakuta msumeno wangu umeketi chini kwenye vumbi, mpole, na stendi haipo. Imeenda kubeba saruji. Mifuko ya kilo 50. Namuuliza saidia fundi, ananijibu kwa adabu kabisa, "Si ina magurudumu, baba?"

Jana bosi akaja kukagua makabati ya jikoni. Nimeyapangusa, nimefungua milango yote aone bawaba zinavyojifunga taratibu. Akapita. Akaenda moja kwa moja kwenye stendi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, akacheka peke yake.

"Fundi," akasema, "hii bila msumeno unaniachia kwa shilingi ngapi? Nataka ya kuchomea nyama."

Hela ya makabati bado hajanilipa.