Wafilipino wa ughaibuni: wajifunze lugha ya nani?

Wapo vijana wa Kifilipino waliozaliwa Marekani, Kanada au Australia wanaofunga safari kwenda kujifunza lugha na desturi za wazazi wao. Programu nyingi zinafanana: wiki chache Manila, darasa asubuhi, ngoma ya tinikling jioni, ziara ya mji mkongwe wa Intramuros. Wanaozisifu wanaona ndiyo njia ya kurudisha kilichopotea. Wanaozibeza wanaziita utalii wa wenye nacho. Mimi naona ugomvi huo unaliacha pembeni swali zito zaidi, nalo ni lugha ipi inayofundishwa.

Kwanza tujue kamba ilikatikia wapi. Wamarekani walipoichukua Ufilipino mwaka 1898 walifuatisha walimu, maarufu zaidi wakiwa wale walioshuka kwenye meli ya Thomas mwaka 1901, na Kiingereza kikawa lugha ya shule. Muuguzi aliyehamia California baada ya sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 alikuwa ameshasoma kwa Kiingereza, na wazazi wengi waliogopa kwamba mtoto akizungumza ya nyumbani ataota lafudhi ya kuchekwa. Kwa Wafilipino wa Dubai na Doha, ambao Waswahili wengi wamefanya nao kazi, mambo ni mengine: mkataba ukiisha mtu anarudi, na mara nyingi watoto walibaki kwa bibi.

Wanaotetea safari hizi wana hoja moja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Adabu haisomwi kwenye simu. Unapozungumza na mkubwa Manila unapachika “po” ndani ya sentensi, na mahali pake si popote tu. Ukimwamkia mzee unauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wako, wanaita mano. Mtu aliyelelewa na shikamoo ataelewa mara moja kwa nini hilo linahitaji wazee wenyewe, wanaokutazama na kukukosoa.

Wakosoaji nao hawasemi uongo. Nauli ya kuvuka Pasifiki si ya kila mtu. Wiki chache hazitoshi kwa vitenzi vya Kitagalog, lugha ya Manila na jirani zake: bumili humweka mbele mnunuzi, binili kitu kilichonunuliwa, ibinili yule ambaye kitu kimenunuliwa kwa ajili yake. Sisi wenye nunua na nunulia tungepata pa kuanzia. Aliyekulia na Kiingereza pekee hana. Na mwenye duka Manila akisikia lafudhi tu, anajibu kwa Kiingereza, mazoezi yameishia hapo. Halafu sheria ya Ufilipino ya 2003 inayowaruhusu wazawa waliopoteza uraia wao kwa kuchukua wa nchi nyingine kuurudisha haina mtihani wa lugha. Kama dola halimdai mtu Kitagalog, kwa nini jamaa zake wamdai?

Wengine wanairuka lugha kabisa na kwenda Buscalan, milimani Kalinga, kuchorwa tatuu ya asili kwa mwiba na masizi. Mchoraji Whang-od alitokea kwenye jalada la Vogue Philippines mwaka 2023 akiwa na miaka 106. Zamani baadhi ya alama hizo mwanamume alizipata kwa vita. Leo mgeni anachagua na kulipa. Inakera kidogo, nakiri, hasa mgeni asiye na nasaba yoyote na Kalinga anaposema amerudi kwao. Ila wageni hao hao ndio waliowapa wajukuu wa ukoo wa bibi huyo sababu ya kujifunza kazi iliyokuwa ikizeeka naye.

Turudi kwenye lugha. Ufilipino ina lugha zaidi ya 170. Mwaka 1937 Rais Quezon alitangaza Kitagalog kuwa msingi wa lugha ya taifa, kinachoitwa leo Kifilipino, na ndicho programu nyingi hufundisha. Lakini vibarua walioanza kupelekwa mashamba ya miwa ya Hawaii mwaka 1906 wengi wao walikuwa Wailokano, watu wa kaskazini mwa Ufilipino wenye lugha yao, Kiilokano. Mjukuu wao akijifunza bili, “kununua”, akifika sokoni Laoag, mji wa Wailokano, atakuta gatang, na Cebu, kisiwa chenye lugha yake nyingine, atakuta palit. Ametumia pesa na likizo yake yote, na bado hawezi kuongea na shangazi yake.

Utetezi wa Kifilipino ni wa vitendo: kinaeleweka karibu nchi nzima, kina walimu na vitabu. Sawa. Anayetaka kuishi Manila au kufanya kazi huko, asome hicho. Anayesema anatafuta mizizi, ajue kwanza mizizi yake iko mkoa gani. Kijijini nako hali inabadilika: sheria ya Oktoba 2024 imeondoa ulazima wa kufundisha kwa lugha mama kuanzia chekechea hadi darasa la tatu, kwa hiyo huenda mgeni akafika akakuta binamu zake wadogo wanasukumwa kwenye Kiingereza kile kile alichokikimbia.

Wala si lazima kila anayeitaka lugha ya mababu apande ndege. Chuo Kikuu cha Hawaii, kampasi ya Mānoa, kinafundisha Kiilokano hadi ngazi ya shahada, na wazee wanaokizungumza wako mtaa wa pili.