Uchoyo gani huo wa Isagi?
Eti Blue Lock, ile manga (katuni ya Kijapani ya vitabuni) ya soka yenye pia anime (katuni ya video), inawafundisha watoto uchoyo wa mpira, ndivyo makala moja niliyoisoma inavyodai. Mwandishi naona kaishia sehemu ya kwanza. Kweli hadithi inaanza hivyo: fainali ya shule za sekondari mkoani Saitama, Isagi, mhusika mkuu, kabaki na kipa tu, badala ya kupiga anampasia mwenzake, mpira unagonga mwamba, wapinzani wanageuza shambulizi, bao, safari imekwisha. Halafu anakuja kocha Ego na miwani yake kuwaambia vijana 300 kwamba mshambuliaji lazima awe mbinafsi. Lakini endelea kidogo uone: silaha ya Isagi si mbio wala chenga, ni kuiona nafasi kabla ya wengine, na asipomsoma mwenzake Bachira anaelekea wapi hafungi kitu. Mimi kilichoniudhi ni msimu wa pili wa anime, ule wa 2024, vipande 14 na mara nyingi picha imeganda, midomo tu ndiyo inacheza, wakati kwenye kurasa za Nomura, mchoraji wa manga, mtu anakimbia mpaka unasikia pumzi zake. Nyie mlioanza na manga, mliuvumilia hadi mwisho?