Siku Gangilonga Liliponena kwa Sauti Yangu

Kwa kuwa mwenzangu ninayepanga naye nyumba amekwisha kusambaza ujumbe wa sauti katika kila kundi la WhatsApp la mji huu, akidai kwamba Jumamosi niliokolewa na mtoto wa darasa la tatu, sina budi kukieleza kisa hiki mwenyewe, maana mtoto yule alikuwa wa darasa la nne.

Gangilonga, jabali letu la hapa Iringa, mnalijua. Si mlima wa kumtisha mtu. Wazee wetu hupanda na kushuka kabla chai haijapoa. Mimi nililiendea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, peke yangu, nikiwa na lita tatu za maji mgongoni na, kwa ajili ya baridi ya Julai, nimevaa sweta mbili na koti zito juu yake. (Ninyi wa Dar es Salaam mnaocheka, njooni Iringa mwezi huu tuzungumze.)

Nikaidharau njia ya kawaida na kuuchagua ufa kati ya majabali mawili, ambao kwa macho yangu ulimtosha mtu wa umbo langu, ila macho yenyewe yalikuwa yakikumbuka umbo langu la chuoni. Niliingia kiubavu. Hatua ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Ya tatu koti likajikunja kifuani, begi likakaza nyuma, nami nikabaki kama kabari, mkono mmoja ukielekea mbinguni. Nikivuta pumzi nilibanwa zaidi. Nikiitoa niliteleza kidogo na kubanwa upya. Pimbi mmoja alijitokeza juu ya jiwe, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuota jua.

Ndipo nikamsikia mwalimu akiwasili na wanafunzi wake upande wa pili wa jabali. Alianza na vita vya Lugalo vya mwaka 1891, alipouawa kamanda Mjerumani Zelewski, nami kwa aibu ya kumkatiza mtu kipindi chake nikanyamaza na kusubiri. Akaendelea kwamba jina Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na kwamba husimuliwa kuwa Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akija hapo kutafakari.

"Mwalimu, hadi leo linaongea?" mtoto mmoja akauliza.

Kwa pumzi yote iliyosalia, koo likiwa limekauka, nikatamka: "Naomba msaada!"

Wapendwa, ufa ule una mwangwi. Sauti ilitoka nzito na ya kale, kama ya mtu aliyelala humo tangu enzi za Mjerumani. Pakawa kimya. Kisha zikasikika mbio, na, kwa heshima zote kwa taaluma ya ualimu, viatu vilivyotangulia vilikuwa vya mtu mzima.

Alibaki mtoto mmoja, akachungulia ufani.

"Wewe ni Mkwawa?"

"Hapana, mimi ni mhasibu."

Akatafakari kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba," nikamjibu, mkono ukiwa bado mbinguni.

"Sasa si uvue koti?"

Nilivua, nikatoka, nikapigwa picha na darasa zima, nikashuka. Ufunguo wa nyumba ulibaki mfukoni mwa koti, na koti likabaki ufani. Ndiyo sababu nililazimika kumpigia simu mwenzangu na kumweleza yote. Atakayepanda kesho naomba aniletee, na likimsemesha asilijibu.