Sababu ya kumpiga tulikuwa nayo, ila Kampala je?

Juzi kati nilikuwa Mutukula pale mpakani nasubiri mzigo, nikakaa kwenye kibanda cha chai na dereva wa lori mmoja Mganda, mtu mzima kanizidi umri, Kiswahili chake kile cha barabarani. Nikamtania, nikamwambia nyie mtushukuru sisi ndo tuliwatolea nduli Idi Amin. Akacheka weee, akasema "kweli ndugu yangu, mlimtoa, asante sana, alafu mkatuletea Obote." Nikanywa chai yangu kimya.

Mi ni mtu wa Misenyi, huku huku mpakani mkoani Kagera. Kwetu vita ya Kagera sio stori ya kwenye kitabu cha darasa la sita. Wakati ule mkoa wenyewe ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, hilo jina la Kagera limekuja baada ya vita. Bibi yangu alivuka mto Kagera na watoto watatu na sufuria moja, na mpaka anakufa alikuwa anazitaja ng'ombe zake kwa majina, moja moja, zile walizoswaga askari wa Amin kuzipeleka kwao mwishoni mwa Oktoba 1978. Mabati waling'oa, kiwanda cha sukari wakakomba, watu wakauawa wengi tu. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni sasa ni Uganda, na siku mbili baadae daraja la Kyaka likalipuliwa ili tusivuke kurudi kwetu.

Kwahiyo mtu akiniambia eti Nyerere angekaa mezani kwanza, nakuwa mkali kidogo, samahani. Akae aongee nini? Mpaka ule Waingereza na Wajerumani waliuchora 1890 kwa kufuata mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, mstari tu kwenye karatasi, na Amin alikuwa anasema mpaka wa kweli ni mto. Ukiuangalia kwenye ramani unaweza hata ukamwelewa, mto unaonekana, digrii haionekani. Ila OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walishakubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya mkoloni tutaiacha ilivyo, na aliyelisimamia hilo azimio ni Nyerere huyo huyo. Ukikubali kulijadili la Misenyi maana yake umefungua kila mpaka Afrika nzima, kesho Wasomali na Waethiopia, keshokutwa nani sijui.

Na hao OAU wenyewe walifanya nini? Wakaleta wapatanishi, wakasema pande zote mbili ziache mapigano. Pande zote mbili! Ni sawa na jirani kaingia zizini kwako kachukua mbuzi, unaenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anasema jamani acheni kelele wote wawili. Nyerere akasema laumuni kwanza uvamizi, Amin akane hadharani kwamba hana dai na ardhi yetu, alipe alichoharibu, alafu tuongee. Hawakutaka kulaumu. Mpaka leo naona alikuwa sahihi kukataa, maana upatanishi unaoogopa kumtaja mwizi mimi siuiti diplomasia, naona ni uoga uliovaa suti.

Sasa hapa ndo nitakosana na ndugu zangu wa Bukoba.

Tunapenda kuanza hadithi Oktoba 1978. Haikuanzia hapo bana. Amin alimpindua rais Milton Obote Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, sisi tukampokea Obote, tukampa nyumba Dar, tukakataa kabisa kumtambua Amin. Sawa, hiyo ni msimamo. Ila Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walitokea kwetu, kwenye ardhi hii hii ya kwetu, wakaingia Uganda kujaribu kumtoa, wakapigwa vibaya. Amin akajibu kwa kuishambulia Bukoba kwa ndege, na Mwanza pia. Hebu jiulize, ingekuwa kinyume chake tungeitaje ile? Uchokozi, si ndo?

Na angalia kilichofuata. Oktoba 1972 pande mbili zikakubaliana Mogadishu, Siad Barre akiwa msuluhishi, kila mmoja arudishe jeshi kilomita 10 kutoka mpakani na aache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Haikuwa mapenzi, na manung'uniko hayakuisha, ila kwa miaka sita hakukuwa na vita kamili kati yetu. Kwahiyo wale wanaosema na Amin huwezi kuelewana, tulishaelewana nae jamani! Kilichokuja kupotea ni njia za kuongea. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Agosti 1978 Kenyatta akafariki, Moi ndo kwanza anakalia kiti, yani hata yule jirani wa kawaida wa kumtuma akaongee na huyu na yule hatukuwa nae tena. Amin nae akawa anatoa diplomasia yake ya kichekesho, eti apigane ngumi na Nyerere ulingoni, refa awe Muhammad Ali, watu wanacheka huku watu wetu wanazikwa.

Haya, twende Kampala, maana hapo ndo ugomvi wenyewe ulipo. Ile hotuba ya Nyerere ya Novemba 1978 wote tunaijua, uwezo, sababu, nia. Mi nimeisikiliza mara nyingi tu na bado nywele zinasimama. Lakini ile sababu iliyotajwa pale ni uvamizi. Mpaka Januari 1979 ardhi yetu yote ilikuwa mikononi mwetu na Mutukula tumeshaichukua. Mwisho wa Februari vijana wako Masaka na Mbarara. Kwa sababu ile ya kwanza ungeweza kusimama hapo, umemfundisha adabu, unarudi nyumbani. Tukaendelea. Machi Gaddafi wa Libya akamletea Amin askari wake na ndege, moja ikaja kulenga Mwanza ikakosa mji ikaenda kuua swala kwenye kisiwa cha Saanane, masikini wale wanyama sijui walikuwa chama gani. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Ukiuliza kwanini, jibu ni kwamba Amin alikuwa muuaji. Kweli tupu. Alikuwa muuaji tangu 1971, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, na dunia nzima ilijua. Kama uuaji ndo sababu, basi tulichelewa miaka nane. Kama sababu ni Kagera, basi tulipitiliza kilomita zaidi ya mia mbili. Mi nadhani ukweli ni kwamba katiba ya OAU ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenzako, Nyerere alikuwa na hamu ya kumtoa yule mtu siku nyingi, na Amin akatufungulia mlango mwenyewe kwa ujinga wake. Simlaumu Mwalimu, kumwacha pale ajijenge upya aje tena baada ya mwaka ingekuwa ni kutuchezea sisi wa mpakani. Nataka tu tuseme hivyo hivyo ilivyokuwa, tusijifanye sababu ilikuwa moja mwanzo mpaka mwisho. Na kwa haki, miezi ile ile Wavietnam waliingia Phnom Penh kule Kambodia wakawatoa kina Pol Pot, wakasemwa miaka kumi, sisi tukasemwa kidogo tu kwenye mkutano wa OAU Monrovia ikaisha.

Kinachoniuma mimi ni ule mkutano wa Moshi. Watu wanabishana kama diplomasia ingezuia vita, hakuna anayeuliza diplomasia ilikuwa wapi baada ya vita. Jeshi lilipewa miezi mitano, sijui mabasi mangapi yakachukuliwa, ng'ombe zikachangwa, nchi nzima ikasimama. Kupanga nani atatawala Uganda kukapewa siku tatu, tarehe 24 mpaka 26 Machi, makundi zaidi ya 20 yasiyopendana yamejazwa kwenye mkutano mmoja Moshi huku vita bado inaendelea Uganda. Obote akaambiwa asije, ili asiwavuruge, lakini kila mtu ukumbini alijua yuko Dar anasubiri. Wakamchagua Yusuf Lule awe rais. Akakaa siku 68. Akaja Binaisa, nae wanajeshi wakamtoa Mei 1980, na jeshi letu liko pale pale Kampala linaangalia. Desemba uchaguzi, Obote akarudi Ikulu, wengi hawakuuamini ule uchaguzi mpaka leo, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Kilichotokea Luwero, kule vita ya msituni ilikoua raia wengi, muulize yule dereva wangu wa lori.

Na sisi huku Nyerere akatuambia tufunge mkanda miezi 18, ambayo haikuisha, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, sukari! kwenye mkoa wenye kiwanda.

Mjomba wangu alikuwa JWTZ, aliingia Kampala kwa miguu. Hapendi kuongea hizi mambo, ila kuna siku kwenye msiba alikunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, kidogo akaanza. Anasema Aprili walivyoingia watu walikuwa wanawakumbatia barabarani, wanawapa ndizi, akina mama wanalia. Juni, Lule alipotolewa, watu wakaingia mitaani wanamtaka Lule wao, na kina mjomba ndo wakatumwa kwenda kuwatawanya. Nikamuuliza mjomba, sasa mliwafanyaje? Akasema kuna mama mmoja alimtambua, yule aliyempa ndizi. Akaomba aongezewe rubisi, na hajalirudia tena.