Osiloskopu Isiwe Kifaa Chako cha Kwanza

Anayeanza majaribio ya masafa ya juu hapa Dar mara nyingi hukimbilia vitu viwili: transmita ndogo ya FM ya kupanga kwenye bredibodi (ubao wa matundu wa kuunga saketi bila kuchomelea), na osiloskopu ya bei rahisi, yaani kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi, ya kuitazamia. Kwa maoni yangu vyote viwili ni mwanzo mbaya, na sababu ziko kwenye hesabu.

Chukua koili ya 0.1 µH. Ili saketi itoe 100 MHz, masafa ya FM, inahitaji kapasita ya pikofaradi 25 tu. Mistari miwili ya bredibodi inayopakana ina pikofaradi 2 hadi 5 ambazo hukuziweka wewe. Ongeza 5 juu ya 25, na masafa yanashuka hadi karibu 92 MHz. Mkono ukisogea, yanahama tena. Mwanafunzi anabadilisha transista tatu akitafuta kosa ambalo halipo kwenye transista.

Ndiyo maana nashauri uanze na 7 MHz. Hapo koili ya 1 µH inataka pikofaradi 500, na pikofaradi 5 za kuzurura hazina nguvu kubwa. Osileta (saketi inayozalisha wimbi) ya aina ya Colpitts, yenye koili moja na kapasita mbili, ndiyo inayosamehe zaidi. Kapasita mbili za 1 nF (pikofaradi 1000 kila moja) zilizofuatana zinakupa hizo 500 pF, na masafa yanaangukia karibu 7.1 MHz.

Koili isuke mwenyewe. Tafuta waya wa shaba wenye vanishi wa 0.5 mm, wanaosuka mota huwa na mabaki. Zungusha mara 10, mizunguko ikiwa imebanana, juu ya shina laini la biti ya drili ya 9.5 mm, kisha ichomoe. Utapata takriban 1 µH. Ncha zikwangue kwa wembe mpaka shaba ing'ae, maana risasi haishiki juu ya vanishi, na kiungo kinachoonekana kizuri kwa macho kinaweza kuwa hakipitishi umeme kabisa.

Jenga juu ya kipande cha bodi yenye shaba, shaba yote ikiwa upande wa hasi. Ncha moja ya koili iende hasi. Kutoka ncha ya juu, kapasita ya kwanza ya 1 nF iende kwenye emita ya transista, na ya pili itoke emita kwenda hasi. Besi iunganishwe na ncha ya juu ya koili kupitia 470 pF, na ipewe rezista mbili za 47 kΩ, moja kwenda chanya na moja kwenda hasi. Emita iende hasi kupitia 1.5 kΩ. Kolekta ipate 9 V moja kwa moja, na hapo hapo mguuni pake weka 100 nF kwenda hasi. Ukiisahau hiyo ya mwisho, au ukiiweka mbali kwa waya mrefu, osileta huwa na tabia za ajabu.

2N3904 inatosha, na BC547 pia. Lakini miguu haifanani! Ukielekeza uso bapa kwako na miguu chini, 2N3904 inasomeka emita, besi, kolekta kutoka kushoto. BC547 ni kinyume: kolekta, besi, emita. C1815 utakayoing'oa kwenye redio ya zamani ni emita, kolekta, besi. Pima kwa mita kabla ya kuunga.

Kapasita hizo mbili za 1 nF ziwe za aina ya C0G, ambayo pia huitwa NP0. Hapa usikubali mbadala. Alama "102" inakwambia thamani tu, haikwambii aina. Kapasita ya kauri ya kawaida hubadilika na joto, na badiliko la asilimia 1 kwenye zote mbili linahamisha masafa kwa kilohezi 35 hivi. Katika joto letu, feni ikizunguka juu ya meza, utasikia sauti kwenye redio ya kupimia ikipanda na kushuka kila upepo unapopita. Funika saketi kwa kopo la bati lililounganishwa na hasi, na tumia betri. Chaja ya simu inaingiza kelele yake.

Sasa kupima. Kwanza mita ya kawaida: ukiwa umeitoa koili, emita isome karibu 3.5 V. Rudisha koili, kisha iguse kwa kidole. Volti ikiyumba, osileta ilikuwa inafanya kazi. Kisha washa redio ya mawimbi mafupi yenye SSB (namna ya kupokea inayogeuza wimbi tupu kuwa mluzi) karibu na meza, uzungushe taratibu kuzunguka 7.1 MHz mpaka usikie mluzi. Redio haigusi saketi, kwa hiyo haiibadilishi. Huo ndio uzuri wake.

Probu ya osiloskopu inabadilisha. Swichi yake ikiwa kwenye 1x (ishara bila kupunguzwa) inabeba kama 100 pF. Iweke kwenye emita na masafa yanaanguka kwa kilohezi 160 hivi. Kwenye 10x (ishara ikipunguzwa mara kumi) ni kama 15 pF, anguko ni kilohezi 26. Ukitaka kuchomeka chochote, weka transista ya pili iwe bafa, yaani kinga kati ya osileta na kipimo, na uifikie kwa kapasita ya 10 pF.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa kununua ni mita, redio, kisha NanoVNA, kipimo kidogo cha mkononi cha kupimia koili na vichujio (usiichomeke kamwe kwenye saketi yenye umeme), na bodi ya chipu ya Si5351 ya kutoa masafa ya kulinganisha. Kumbuka tu kwamba Si5351 hutoa mawimbi ya mraba: ya 7 MHz huja na ya 21 MHz ndani yake.

Osiloskopu ije baadaye, na ije ya kweli. DSO138, ile osiloskopu ndogo ya bei rahisi, ni nzuri kwa mawimbi ya sauti, lakini mwisho wake ni 200 kHz. Subiri upate ya 100 MHz yenye chaneli mbili, na ujue kwamba kwenye 100 MHz yenyewe kimo cha wimbi unachokiona ni kama asilimia 70 ya kimo halisi. Ule waya mrefu wa hasi wa probu uvue, utumie springi fupi, kwa sababu waya huo na pikofaradi 15 za probu hutoa mtetemo wao wenyewe karibu na 100 MHz.

Antena usiweke. 7.0 hadi 7.2 MHz ni ya waendesha redio wa ridhaa, na kurusha hewani kunahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Badala ya antena, pato la bafa limalizie kwenye rezista mbili za 100 Ω zilizounganishwa sambamba.