Runinga Inayojifanya Siyo Runinga

Jamani, tumefika mahali mtu analipa hela nyingi zaidi ili runinga yake isionekane. Sisi tuliokulia enzi za runinga zenye kisogo tunajua mambo yalivyokuwa. Runinga ilikaa katikati ya sebule bila kujificha, makochi yote yakaielekea, na aliyepita mbele yake aliomba radhi. Leo naambiwa ni aibu. Ni "dude jeusi".

Jina hilo si langu, ni la mama watoto. "Baba watoto, hilo dude jeusi ukilizima linatutolea macho. Sebule yote nzuri, halafu katikati pana shimo." Mimi shimo sijawahi kuliona. Nilichokuwa nakiona ni runinga iliyozimwa, na wazo langu lilikuwa moja tu: itawashwa saa ngapi.

Basi akagundua kwamba kuna runinga ambayo ukiizima inageuka mchoro. Samsung waliitoa yao mwaka 2017, ikaitwa The Frame, wakishirikiana na mbunifu Yves Béhar. Baadaye Hisense wakaja na CanvasTV, TCL nao hawakubaki nyuma, na sasa ukiingia dukani kuna kona nzima ya runinga zilizojibanza ndani ya fremu kana kwamba zinadaiwa. Nikauliza swali dogo. Ukiiwasha, inawaka? Ndiyo. Na ukiizima? Inawaka pia. Sasa inazimwa lini? Nikaambiwa naanza ubishi.

Dukani tukapokewa na kijana mmoja mtanashati. Alitutazama sote wawili, akajua palepale mwenye uamuzi ni nani, na tangu hapo mimi nikawa mbeba pochi. Akaeleza kwamba skrini ya kawaida huakisi dirisha, taa na kipara cha mwenye nyumba, ila hizi zimetengenezwa na uso usiong'aa. Mwanga ukiupiga hutawanyika badala ya kurudi machoni, ndiyo maana picha inaonekana imechapwa kwenye karatasi. Hapo nakubali, walifanya kazi. Nimesogea mpaka pua ikakaribia kugusa, nikaona kweli ni mchoro. Lakini chumba kikiwa na mwanga mwingi, ule weusi wa picha unapauka, unakuwa kijivu. Nikamwambia kijana, mimi napenda filamu za usiku usiku, sitaki jambazi wangu aonekane yuko kwenye ukungu. Mama watoto akadakia, "Filamu gani? Huyu hata robo hafiki, anakoroma." Kijana akacheka. Nikaliweka moyoni.

Nikasema basi nipewe ya OLED, weusi wake ni weusi kweli, kwa sababu kila pikseli, yaani kila kidoti cha picha, inajiwasha na kujizima yenyewe. "Mzee," akanijibu kwa upole wa daktari, "ile picha ikiganda mahali pamoja kwa saa nyingi, inaweza kuacha kivuli kisichofutika." Na kazi ya mchoro ni nini kama si kuganda mahali pamoja? Ndiyo maana nyingi ya runinga hizi ni za LCD, zenye taa zake pembeni au nyuma ya kioo. Nikanyamaza, maana kijana alikuwa na hoja.

Sasa tukafika kwenye fremu. Mimi nilidhani nimeiona, kumbe niliyoiona ni ya maonyesho. Runinga yenyewe huja na ukingo mwembamba mweusi. Ukitaka ule wa rangi ya mbao uliokuvuta kutoka mlangoni, unanasa kwa sumaku, na unauzwa kando. Runinga ya fremu isiyo na fremu! Ni kuuziwa suruali ukaambiwa miguu ipo dirisha la pili. Nikamwangalia mama watoto nione kama ameshtuka. Alikuwa anachagua rangi.

Na picha? Zipo chache za bure. Zilizobaki, maelfu, ni za kulipia kila mwezi. Yaani ukuta wangu mwenyewe utadaiwa kodi, na nisipolipa, mtu asiyejua hata kwangu kunaingiliwa wapi anaushusha mchoro akiwa kwake. Hapo ndipo nilipojitutumua. Nikamwambia kijana kwamba jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, Februari 2017, liliruhusu picha zaidi ya 375,000 za kazi zake zisizo na hakimiliki zichukuliwe na mtu yeyote, bure. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo imefungua milango ya namna hiyo. Unapakua, unatia kwenye flashi, unachomeka. Kijana akakosa la kusema. Ndiyo hoja pekee niliyoshinda siku ile, naomba iingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Ushindi wenyewe haukudumu, kwa sababu wachoraji wa zamani hawakuwa na habari za runinga. Skrini ni 16 kwa 9, imelala. Mona Lisa amesimama: sentimita 77 kwenda juu, 53 kwenda pembeni. Ukimtandaza skrini nzima, unabaki na macho, pua na nusu ya lile tabasamu watu wanalosafiria. Ukimwacha mzima, inabidi umzungushie pambizo kubwa huku na huku. Tena runinga ya inchi 55, ambayo mimi naiona kubwa, ina upana wa sentimita 122 hivi na kimo cha 68. Kwa hiyo Mona Lisa, ambaye kila anayetoka kumwona hulalamika kwamba ni mdogo, hata kwa ukubwa wake halisi haenei! Ule mchoro wa usiku wa nyota wa Van Gogh wa mwaka 1889 nao lazima uukate: uchague unatupa nyota au unatupa nyumba za watu. Aliyekaribia kutufikiria ni Leonardo da Vinci pale Milan. Mchoro wake wa Karamu ya Mwisho una mita 4.6 kwenda juu na 8.8 kwenda pembeni, umeizidi skrini upana kidogo tu. Naye aliuchora ukutani moja kwa moja, hakuhitaji waya wala rimoti.

Haya yote ni madogo. Vita yenyewe ilikuwa kimo cha kutundika.

Sikilizeni. Makumbusho mengi hutundika michoro hivi kwamba katikati yake pawe sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni, maana mtazamaji amesimama, mikono nyuma, anatikisa kichwa. Mtazamaji wa mpira hajasimama. Amezama kwenye kochi, na macho yake yako mita moja na kidogo kutoka chini. Tofauti ni kama sentimita 40, na ndani ya hizo 40 ndipo ndoa hutikisika. Fundi alikuja na drili yake na pimamaji, akauliza, "Bosi, nitoboe wapi?" Mimi nikaonyesha chini, mama watoto akaonyesha juu, kwa pamoja. Fundi akaweka drili chini, akakaa kwenye kiti. Inaonekana si nyumba ya kwanza.

Mama watoto akasema mchoro ukiwa chini utaonekana umeteleza. Nikasema runinga ikiwa juu nitaumwa shingo. Akaniuliza kati ya saa zote za siku, runinga inatazamwa ngapi na mchoro unatazamwa ngapi. Nikahesabu, nikajuta kuhesabu. Ikatobolewa juu. Tangu siku hiyo natazama taarifa ya habari kidevu kimeinuka, na anayeingia ghafla anadhani nimepandishwa cheo.

Nyaya nazo zina kisa chao. Yetu ina kisanduku cha pembeni: nyaya zote zinaingia humo, kisha uzi mmoja mwembamba ndio unapanda ukutani. Ukuta ukabaki safi, mama watoto akapiga picha. Kisanduku kikafichwa kabatini pamoja na king'amuzi. Sasa rimoti ya king'amuzi chetu ni ile ya mwale wa infraredi, na mwale huo haupenyi mbao. Kwa hiyo nikitaka kubadilisha chaneli lazima mlango wa kabati uwe wazi, na mlango ukiwa wazi zile nyaya tulizolipia zisionekane zinachungulia zote, mpaka za chaja ya simu iliyokufa.

Halafu kuna vitambuzi. Kimoja kinapima mwanga wa chumba, kinapunguza au kuongeza mng'ao ili mchoro usiwake kama tangazo la barabarani. Hicho sina ugomvi nacho. Cha pili kinatambua mtu akitembea. Chumba kikikosa watu, picha inazimika kuokoa umeme, na ni busara, maana mchoro ukiwa ukutani unakula umeme. Si kwa kiwango cha runinga inayotazamwa, lakini si kama iliyozimwa. Sasa juzi Jumapili nimetulia kwenye kochi nasoma gazeti. Mchoro ukazimika. Nikainua mkono, ukawaka. Nikaendelea kusoma, ukazimika tena. Yaani chombo nilichokinunua kwa jasho langu kimenikagua kwa makini, kikatoa uamuzi kwamba sebuleni hakuna mtu. Nikawa nageuza ukurasa kwa mikono miwili, kwa mbwembwe, ili nitambulike kwangu. Usiku naye paka akikatiza tu kwenda jikoni, makumbusho yanafunguliwa saa nane na taa zote. Paka ni mtu. Mimi bado natafutiwa ushahidi.

Mtasema, achana na michoro ya Wazungu, weka picha za familia. Tumeweka. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na mama watoto ameamua akifungua mlango akutane na picha yake ukutani. Picha nzuri kweli, ya studio, amesimama wima kuanzia kilemba mpaka viatu. Mnakumbuka ya Mona Lisa? Tukiijaza skrini, tunapata mama mkwe kuanzia nyusi mpaka midomo, kwa upana wa mita moja na ushee. Kwa heshima zote, sitaweza kula chini ya hiyo. Tukimweka mzima, anakuwa kembamba katikati ya pambizo, na najua swali litakalofuata: nani kampunguza mama? Mwanetu akasema kuna braketi inayozungusha runinga ikasimama wima. Ipo. Inauzwa kando.

Ameachwa mzima, kembamba hivyohivyo. Tatizo ni kwamba mpira unaanza Jumamosi hiyohiyo, wakati mgeni atakuwa ameshakaa na kutulia, macho kwenye picha yake. Ili mpira uonekane, lazima mtu achukue rimoti na kumwondoa mama mkwe ukutani, mbele yake. Nimemwambia mama watoto abonyeze yeye, mama ni wake. Amesema mpira ni wangu. Sasa tunambembeleza mwanetu, na yeye ameuliza atalipwa nini.